Nyuso Mbili Nyeupe Uani kwa Esta

Jumamosi, jua bado lipo.

Upepo wa ziwani umevuma tangu asubuhi, vumbi la mtaa wetu wa Mabatini limeingia hadi kwenye kopo la chumvi, lakini mimi leo sina la kulalamikia. Mashavu yananibana. Kila nikitabasamu nasikia ngozi ikinivuta kama nguo iliyorudi baada ya kufuliwa, na nimetabasamu mchana kutwa. Ngoja niandike sasa, kabla Baba Vero hajarudi akaniuliza kwa nini nanukia limau.

Leo mimi na Esta tumejipaka chakula usoni.

Naam, chakula. Mimi, mwanamke niliyekwisha kuozesha binti, mimi ninayesalisha rozari kwenye jumuiya yetu, nimelala juu ya mkeka mchana kweupe na yai usoni. Sijui kama hilo ni la kupeleka kwa padri au ni la kucheka tu. Naona ni la kucheka tu. Mungu aliyetupa nyuso hakutukataza kuzitunza.

Sababu yenyewe ni kesho. Kesho wageni wanakuja kumposa Esta.

Esta ni jirani yangu, ukuta wake ndio ukuta wangu. Ni mjane, amelea watoto wake peke yake mpaka wamejitegemea. Kila jioni hukaanga samaki pale njia panda: sato akiwapata, lakini siku nyingi ni mapanki, yale mafupa ya sangara yenye nyama kidogo yanayobaki viwandani baada ya minofu kukatwa na kupandishwa ndege kwenda Ulaya. Watu wanatania kwamba siku hizi samaki anasafiri, sisi tunabaki na mifupa yake. Lakini mapanki ya Esta, wallahi kama wasemavyo majirani zetu Waislamu, mtu hulamba na karatasi.

Mwalimu Fabiani ameilamba karatasi hiyo karibu mwaka mzima. Ni mgane, mtu mzima, anakaa Butimba na anafundisha huko huko. Huja kwa baiskeli, kofia kichwani, kufuata samaki. Butimba! Mahali ambapo ziwa liko mlangoni na wavuvi wanapita na samaki wabichi wakitikisa mikia! Mimi nilijua mapema kwamba huyu hafuati samaki. Esta ndiye aliyejifanya hajui, mpaka Mwalimu alipotuma mtu wa kumsemea.

Esta akakubali wageni waje. Kaka yake anatoka Majita kwa basi la jioni hii ili awapokee. Kila kitu kilikuwa kimenyooka.

Halafu jana jioni akanijia jikoni, akakaa kwenye kigoda, kimya, anachezea ncha ya kanga. Esta akinyamaza ujue kuna jambo.

"Mama Vero," akasema, "huyu mtu hajawahi kuniona."

"Amekuona mwaka mzima, Esta."

"Amekiona kibatari."

Nilitaka kucheka, nikamtazama, nikaacha. Alikuwa anasema kweli. Yeye hupeleka jiko njia panda jua likishazama. Mwalimu huja giza limeingia. Mwaka mzima, uso wa Esta kwake umekuwa ule wa mwanga wa kibatari, na kibatari kina huruma, kinaficha mengi. Hakionyeshi mistari chini ya macho. Hakionyeshi yale madoa meusi shavuni ambako mafuta ya moto yamemrukia miaka yote hii. Kesho wageni watakuja saa nane mchana, jua likiwa limekaa juu ya paa.

Akaniambia anafikiria kutuma salamu kwamba anaumwa. Au wageni waketishwe chumba cha ndani, mapazia yashushwe. Na kama hayo hayafai, basi kesho yake asubuhi, yaani leo, aende dukani akanunue ile krimu ya kung'arisha.

Hapo ndipo nilipokasirika.

Zamani tulipanga foleni kwa ajili ya sabuni ya kipande, na mafuta ya kujipaka yalikuwa yale ya nazi kama umebahatika kuwa na ndugu pwani. Sasa biashara imefunguliwa, na maduka ya hapa Mabatini yana krimu za kila rangi, zimeandikwa lugha ambazo hata muuzaji hazijui. Sikatai, kuna vitu vizuri vimekuja. Lakini mwenzetu mmoja wa jumuiya alijipaka hiyo ya kung'arisha, na nimemwona kwa macho yangu: uso rangi moja, shingo rangi nyingine, na jua likimpiga analia. Mpaka leo anakuja kusali amejifunga mtandio hadi machoni.

Nikamwambia Esta, krimu ile haigusi uso wako nikiwa hai. Tutatumia vya jikoni. Nimesikia kwenye kipindi cha akina mama redioni, yai, asali, parachichi, mtindi. Kama kitu hakidhuru tumbo, hakitadhuru shavu.

Na yeye akaniuliza kwa sauti ndogo, kama mtoto, "Na kikishindwa?"

"Kikishindwa tutakuwa tumeshiba."

Basi leo mchana tukakutana uani kwake, pale kwenye jabali tunaloanikia dagaa. Nilileta mayai mawili ya kienyeji, limau na tango. Yeye alikuwa na parachichi, asali, na mtindi kwenye kibuyu. Yule mama wa redioni alisema tuanze na dawa ya kukaza ngozi: ute wa yai, limau kidogo, na unga wa dengu. Unga wa dengu hatukuwa nao. Tulikuwa na unga wa muhogo, wa kupikia ugali.

Unga ni unga, tukasema.

Kosa lililofuata ni la Esta, lakini nalielewa. Yule ni mpishi. Mkono wake ukiona unga kwenye bakuli haujui kungoja, unatafuta maji ya moto. Nilipogeuka kukata tango, yeye akamimina kutoka kwenye birika, akakoroga, na alipotia ute wa yai, ukaiva humo humo. Tukabaki tunatazama uji mzito mweupe wenye nyuzi za yai.

"Tumwage?" nikamuuliza.

"Chakula hakimwagwi," akasema, akachota kwa vidole viwili, akanipaka puani.

Ndugu msomaji wa maandishi yangu, kama utakuwepo, sijacheka hivyo tangu arusi ya Vero. Tulipakana kama watoto. Nilimpaka kuanzia kwenye nywele hadi kidevuni, taratibu, na nilipofika kwenye yale madoa ya shavu akafumba macho na kushusha pumzi. Nikapaka tu.

Tukalala chali kwenye mkeka, vipande vya tango machoni, jua likitupiga.

Sasa kila mama wa mji huu anajua kitu kimoja kuhusu uji wa muhogo. Ndio tunaoutia kwenye kola za mashati ya shule zisimame. Tulijua, tumeutumia miaka yote. Hatukukumbuka mpaka ulipoanza kukauka. Ukaanza paji la uso, ukashuka mashavuni, ukafunga midomo. Nilijaribu kumwita Esta, nikatoa "mmm." Naye akanijibu, "mmm." Nikahisi kicheko kinapanda kutoka tumboni na hakina pa kutokea.

Hapo ndipo tuliposikia hodi.

"Hodi humu ndani! Hodi jamani! Mimi shangazi yake Fabiani wa Butimba!"

Nikahisi mkono wa Esta ukinikamata kifundo cha mkono.

Hatukuweza kusema karibu. Hatukuweza kusema subiri. Nikaondoa tango moja jichoni na kumwona anaingia kwa mlango wa uani, bibi mrefu mwembamba, mwavuli mweusi mkononi, kitenge kipya. Akatuona. Akasimama.

Mtu mwingine angekimbia. Yeye aliweka mwavuli chini, akainua mkono mdomoni, akapiga vigelegele mpaka kuku wakaruka.

"Mapacha! Nani kazaa mapacha humu?"

Lazima nieleze, maana si wote wanaojua. Kwetu Usukumani, zamani, na vijijini hata sasa, mwanamke akijifungua mapacha hupakwa unga mweupe, yeye na wa karibu yake. Halafu hutukanwa. Hutukanwa kwa furaha, kwa nyimbo, matusi ambayo siku nyingine yangeleta kesi. Mama yangu mkubwa alipata mapacha, nilikuwa mdogo, nikazibwa masikio nisisikie. Huyu bibi aliona nyuso mbili nyeupe, wanawake wamelala kimya juu ya mkeka, akajua yuko mahali gani. Na akafanya kama adabu inavyotaka.

"Haya tazameni!" akaanza, anacheza mguu huku na huku. "Tazameni tumbo, limelegea kama gunia la pamba lililomwagwa! Mlafi wee, mmoja hakukutosha! Tazameni pua, imelala kama kiatu cha mgambo! Uso kama chungu kilichopinduliwa! Nani atakutaka wewe? Nani atakulalia? Mume wako kakimbilia wapi?"

Mimi tumbo lilikuwa linauma kwa kicheko kilichofungiwa. Halafu nikamgeukia Esta.

Esta ni Mjita, na amelelewa na masista wa misheni. Mambo ya mapacha ya Kisukuma hajawahi kuyaona. Alichosikia yeye ni shangazi wa mchumba wake, mchana kweupe, akimwambia uso wake ni chungu na hakuna atakayemtaka. Alikuwa amelala vile vile, hakusogea, na chini ya vipande vya tango machozi yalikuwa yanachimba mifereji miwili kwenye ule unga.

Kicheko kilinitoka chote.

Nikakaa. Nikashika mashavu yangu kwa mikono miwili, nikayafinya, unga ukapasuka kama ukoko wa ugali.

"Mama, shikamoo," nikasema, vipande vinaniangukia mapajani. "Hakuna mapacha humu. Ni urembo."

"Marahaba. Urembo?"

"Ndiyo, mama. Tulisikia redioni."

Akanitazama mimi, akamtazama Esta, akatazama lile bakuli. "Redio imewaambia mjipake uji?"

Yule bibi akajishika kiuno, akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Lakini alipoona mabega ya Esta yanatikisika, akanyamaza ghafla. Ni mtu mwepesi kuelewa. Akapiga magoti pale pale kwenye mkeka, kitenge kipya na yote.

"Mwanangu," akamwambia, "mimi nimezaa Kulwa na Doto. Nilitukanwa juma zima. Kwetu mama wa mapacha asipotukanwa, watoto hawakui. Nilikuwa nakutakia heri. Lete maji hapa."

Nikaleta beseni. Nilitaka kumwosha mwenyewe, shangazi akanipokonya kitambaa. Akamwosha Esta polepole, unga ukitoka kwa vipande, huku jua likiwa juu yetu bila hata wingu. Hakuna pazia. Hakuna kibatari. Esta alikuwa amefumba macho kabisa, amekaza uso kama mtu anayesubiri sindano.

Shangazi akafika kwenye madoa ya shavuni. Akayagusa kwa kidole gumba.

"Haya ni ya mafuta?"

"Ndiyo, mama."

"Fabiani anatusifia kila siku kwamba samaki wako hawaungui," akasema. "Kumbe wewe ndiye unayeungua."

Esta akafumbua macho.

Halafu, sijui alipata wapi moyo, akamwambia yule bibi yote. Kibatari, giza, mapazia, krimu ya dukani. Kwamba aliogopa Mwalimu akimwona mchana atageuza baiskeli. Aliyasema huku anatazama beseni. Mimi nilikuwa nasali kimyakimya, Mama Bikira Maria, mfunge huyu bibi mdomo au umfungulie vizuri.

Shangazi akakamua kitambaa, akasema, "Na nyie hamjaniuliza mimi nimefuata nini hapa leo, na siku ya kuja ni kesho."

Kweli hatukuwa tumeuliza.

"Nimetumwa na mtu ambaye hajanywa hata chai tangu juzi. Eti nije niombe, kama mtakubali, wageni waje jioni. Nikamuuliza, kwa nini jioni? Akasema mchana kuna joto. Nikamwambia, Fabiani, joto hili umelijua leo? Nikambana. Ndipo akasema, Shangazi, yule mama hajawahi kuniona bila kofia."

Esta akaweka mkono mdomoni.

"Ana upara?" nikauliza mimi, Mungu anisamehe.

"Upara! Inzi akitua anateleza. Na jino la hapa halipo, ndiyo maana anacheka upande mmoja. Hamkuona?"

"Mimi nilidhani ana maringo," akasema Esta.

Tukaanguka. Wote watatu, kwenye mkeka, yule bibi ndiye aliyecheka kupita sisi. Jirani wa nyuma akachungulia juu ya ukuta kuona tumepatwa na nini, na nadhani uso wangu wa vipandevipande haukumsaidia kuelewa.

Tulipotulia, shangazi akajifuta macho na kuuliza kwa sauti nyingine kabisa, ya kazi: "Basi nikamwambieje? Jioni au mchana?"

Ningeweza kumjibia, mdomo ulikuwa unaniwasha. Nikaung'ata. Jambo hilo halikuwa langu.

Esta akajigusa shavu, pale pale penye madoa, uso ukiwa bado na maji.

"Mwambie aje saa nane kama tulivyopanga," akasema. "Na kofia aiache Butimba."

Shangazi akapiga vigelegele tena. Mara hii havikuwa vya mapacha.

Hakuondoka mapema. Aliona parachichi na asali, akauliza ni za nini, nikamwambia ndiyo dawa ya pili, ya kulainisha. Akasema hata yeye kesho atapigwa picha, tusimwache nyuma. Nikampaka shavu moja. Akajigusa shavu, akalamba kidole, akakaa kidogo, akalamba tena. "Aka! Kitu kitamu hivi mnakipa ngozi?" Akachukua kijiko na kumaliza bakuli, ameegemea jabali, shavu moja la kijani. Mtindi ndio tuliojipaka mimi na Esta, na kwa kweli ngozi imekuwa laini, ingawa mashavu yangu bado yana kumbukumbu ya muhogo.

Ameondoka kitambo, na mwavuli ameukunja. Akasema jua kidogo litamfaa usoni.

Sasa nimekaa peke yangu mlangoni na kalamu, na kuna jambo moja ambalo sikumwambia yeyote. Esta alipojibu, nilishangilia kwa mdomo wote, lakini ndani kuna kidonda kidogo kilichofunguka. Butimba si mbali, lakini si ukutani. Miaka mingi nimeamka kwa kusikia anafagia. Nikiishiwa chumvi nagonga, akiishiwa kiberiti anagonga. Nikisali asubuhi, najua upande wa pili kuna mtu anayesali pia, ingawa hatuongei. Nani atakaa nyumba ile? Je, nitamgongea nani?

Nimemwambia Mungu hivyo hivyo, bila kupamba. Nimemwambia nafurahi na naumia, achukue vyote viwili. Nadhani amezoea kupokea mizigo iliyochanganyika kutoka kwa wanawake wa Mabatini.

Na tazama, wakati naandika mstari huu, ukuta umegongwa. Mara tatu, kama kawaida yake.

"Mama Vero!" anaita kutoka kule. "Hivi saa nane jua linapiga upande gani wa uani?"

"Upande wa kwako, pale kwenye jabali. Kwa nini? Unataka kujua kivuli kiko wapi?"

Sauti yake ikarudi, ikiwa na kicheko ndani:

"Hapana. Nataka kiti changu kiwe pale juani."

Naweka kalamu. Nakwenda kumbebea kiti.